Somo Lililofuata Nyayo za Tauni: Karne ya Elimu ya Afya katika Shule za China

Karibu kila aliyesoma shule ya msingi nchini China tangu miaka ya 1960 anaujua muziki huu. Katikati ya asubuhi kipaza sauti cha darasani kinaanza kulia, sauti inahesabu moja hadi nane kisha inarudia, na watoto wote wanaweka kalamu chini, wanaegemeza viwiko kwenye dawati na kufumba macho. Kwa ncha za vidole wanabonyeza kwanza pembe za macho zilizo karibu na pua, kisha shavuni chini ya macho, kisha kwenye panja. Mwenzao mwenye zamu anapita kati ya madawati kuangalia nani amechungulia. Mazoezi hayo ya macho yalibuniwa Beijing kwa kufuata vituo vya mwilini vinavyojulikana katika tiba ya jadi ya Kichina, na kuanzia mwaka 1963 yakaenezwa shuleni nchi nzima.

Vizazi vitatu vimebonyeza panja namna hiyo. Lakini serikali ilipopima macho ya wanafunzi mwaka 2018, asilimia 53.6 ya watoto na vijana walikutwa hawaoni mbali vizuri. Katika shule za msingi walikuwa asilimia 36, sekondari ya chini asilimia 71.6, na sekondari ya juu asilimia 81.

Nimeanza na macho kwa sababu yanatuonyesha tabia ya historia nzima. Kwa zaidi ya miaka 100 elimu ya afya katika shule za China imekuwa ikipanda na kushuka. Hupanda maradhi au vita vinapobisha hodi, na hushuka hofu inapotulia. Yaliyodumu ni yale ambayo mtoto anaweza kuyafanya kwa mwili wake kila siku, kwa kuhesabiwa, pamoja na wenzake. Yaliyokwama ni yale yanayomtaka mtu mzima akae na mtoto, amtazame usoni, waongee.

Kabla ya shule za kisasa, mtoto wa Kichina aliyepelekwa kusoma alikariri vitabu vya hekima za kale ili siku moja afanye mtihani wa kuingia katika utumishi wa mfalme. Mwili haukuwa somo. Maarifa mapya juu ya mwili yaliingia kupitia bandari, mikononi mwa wamisionari. Mwaka 1851, huko Guangzhou, daktari Mwingereza Benjamin Hobson alichapisha kwa Kichina kitabu cha maumbile ya mwili wa binadamu. Katika miaka ya 1890 Mwingereza mwingine, John Fryer wa Shanghai, akatoa vitabu vya afya kwa watoto vilivyokemea pombe, tumbaku na kasumba. Vitabu hivyo havikufika mbali, kwa kuwa shule za kuvipokea zilikuwa chache mno.

Kilichofungua mlango ni kushindwa vitani. China ilipigwa na Japani mwaka 1895, ikavamiwa na majeshi ya mataifa manane mwaka 1900, na wasomi wake wakaanza kujiuliza kwa uchungu kwa nini nchi kubwa namna hiyo ilikuwa ikiitwa mgonjwa wa Asia. Mwaka 1904 utawala wa kifalme wa Qing ulipitisha mfumo mpya wa shule, ambamo mazoezi ya viungo yalipewa vipindi vyake na elimu ya mwili na usafi ikapata nafasi. Mwaka uliofuata mitihani ya kale ikafutwa. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza somo la afya halikuingia shuleni kwa ajili ya mtoto mwenyewe. Liliingia kwa ajili ya taifa, ili lipate askari wenye nguvu na akina mama wa kuzaa watoto wazima. Alama hiyo halijaifuta mpaka leo.

Kisha ikaja tauni. Majira ya baridi ya mwaka 1910 ugonjwa wa tauni ya mapafu uliibuka Manchuria, kaskazini mashariki mwa China, na kusafiri kwa treni pamoja na vibarua waliokuwa wakirudi makwao. Serikali ikamtuma Harbin daktari kijana, Wu Lien-teh, mzaliwa wa Penang aliyesomea Cambridge, ambaye hakuwa amefikisha miaka 32. Wu alitambua kwamba ugonjwa ulienea kwa pumzi. Akaagiza watu wavae barakoa za pamba na shashi, wagonjwa watengwe, na maiti zaidi ya 2,000 zilizoganda juu ya ardhi ngumu zichomwe, jambo ambalo kwa mila za Kichina lilikuwa zito kulitamka, seuze kulitenda. Hadi majira ya kuchipua ya mwaka 1911 watu wapatao 60,000 walikuwa wamekufa, lakini tauni ikazimwa. Wasomi wa China wakapata somo moja lisilosahaulika: usafi na elimu ya maradhi vinaweza kuokoa mji.

Huo ndio ulimwengu aliokutana nao W. W. Peter, daktari Mmarekani wa chama cha vijana wa Kikristo, YMCA. Peter alizunguka miji ya China akihutubia maelfu ya watu, wanafunzi wakiwa mstari wa mbele. Alijua kwamba takwimu peke yake hazimgusi mtu, hivyo alibeba mashine na sanamu. Katika onyesho moja, vinyago vidogo vya watu vilitembea na kutumbukia kaburini kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikisimama badala ya Mchina aliyekufa kwa kifua kikuu. Mwaka 1916, kwa ushirikiano na vyama vya madaktari, likaundwa baraza la elimu ya afya lenye makao Shanghai, likawa linachapisha mabango, vijitabu na mafunzo kwa ajili ya shule. Kwa maoni yangu Peter alielewa jambo ambalo maofisa wengi waliomfuata walilisahau, nalo ni kwamba afya hufundishwa na mtu anayelipenda somo lake.

Mwaka 1917 mwanafunzi wa chuo cha ualimu cha Changsha alichapisha katika jarida la Vijana Wapya makala juu ya mazoezi ya mwili. Hakuweka jina lake, alitumia jina la kujibandika. Alilalamika kwamba shule zinamrundikia mwanafunzi masomo mpaka mwili unaharibika, na kwamba maarifa na maadili havina pa kukaa kama mwili haupo. Mwanafunzi huyo alikuwa Mao Zedong. Tutakutana naye tena.

Miaka ya 1920 na 1930 ndiyo ninayoiona kuwa tajiri kuliko yote, ingawa nchi ilikuwa maskini na imegawanyika. Hospitali na chuo cha udaktari cha Peking Union, kilichojengwa kwa fedha za Rockefeller, kilikuwa na mwalimu wa afya ya jamii aitwaye John B. Grant. Mwaka 1925 alianzisha kituo cha afya katika mtaa mmoja wa Beijing ambako wanafunzi wake wa udaktari walipaswa kutoka wodini, wakaingie majumbani na madarasani. Mmoja wa wanafunzi hao, Chen Zhiqian, alikwenda mwaka 1929 kufanya kazi ya afya vijijini pamoja na Tao Xingzhi, mwanaelimu aliyekuwa ameanzisha chuo cha ualimu cha Xiaozhuang nje ya Nanjing. Tao alitaka walimu wa vijijini wajue kulima, kuchimba na kutunza afya ya wanakijiji. Serikali ya Chiang Kai-shek ikakifunga chuo hicho mwaka 1930.

Chen hakukata tamaa. Mwaka 1932 alihamia Dingxian, wilaya ya wakulima katika mkoa wa Hebei, ambako Yan Yangchu, anayejulikana nje kama James Yen, alikuwa akiendesha shule za watu wazima za kufuta ujinga kwa herufi 1,000 za msingi. Chen alipochunguza aligundua kwamba watu wengi wilayani humo walikuwa wakifa bila kuonwa na mganga wa aina yoyote. Madaktari hawakuwepo, na hata wangekuwepo wakulima wasingeweza kuwalipa. Akawageukia wahitimu wa shule zile zile za kisomo. Katika kila kijiji chama chao kilimteua mwenzao mmoja, mkulima wa kawaida, naye akafunzwa kwa siku 10 hivi na kupewa kisanduku chenye dawa chache: ya macho, ya vidonda, ya tumbo, pamoja na bandeji. Alipaswa kufanya kazi nne tu: kuandika waliozaliwa na waliokufa, kuchanja ndui, kuhakikisha visima viko salama, na kutoa huduma ya kwanza. Mwanafunzi wa kisomo akawa mwalimu wa afya wa majirani zake, mtu wanayemjua na kumwamini. Japani ilipovamia mwaka 1937 kazi hiyo ikakatika.

Wakati huo huo serikali ya Chiang, yenye makao Nanjing, ilikuwa ikiandika kanuni. Mwaka 1929 wizara za elimu na afya ziliunda kamati ya pamoja ya afya shuleni, na mtaala wa shule za msingi wa mwaka 1932 ulilipa somo la afya jina na nafasi yake, likasimama peke yake kando ya lugha, hesabu na muziki. Mwaka 1934 Chiang alizindua Harakati ya Maisha Mapya: usiteme mate ovyo, funga vifungo, kata kucha, safisha choo. Wanafunzi waliandamana barabarani na mabango. Tofauti ya Dingxian na harakati hiyo ni kubwa. Kule mkulima alipewa maarifa na kisanduku cha dawa. Huku mtoto alipewa amri.

Wakomunisti walipochukua nchi mwaka 1949 walikuta wanafunzi wamedhoofu, wengi wakiwa na kifua kikuu, vikope na utapiamlo. Juni 1950 Mao, yule yule wa Changsha, alimwandikia Waziri wa Elimu Ma Xulun barua fupi. Ujumbe wake ulikuwa kwamba afya itangulie na masomo yafuate. Januari 1951 akarudia, na Agosti mwaka huo serikali ikatoa uamuzi rasmi wa kupunguza mzigo wa masomo na kuboresha chakula na usafi mashuleni. Tarehe 1 Desemba 1951 Redio ya Taifa ikaanza kurusha mazoezi ya viungo yaliyoongozwa na muziki, wazo lililotokana na mazoezi ya redioni ya Japani. Mpaka leo, katika viwanja vya shule kuanzia Harbin hadi Hainan, wanafunzi hupanga mistari na kuyafanya, ingawa hatua zake zimebadilishwa mara nyingi.

Vita vya Korea vilileta wimbi jingine. Mwaka 1952, China ikiishutumu Marekani kwa kutumia silaha za vijidudu, ikaanzishwa Kampeni ya Kizalendo ya Afya. Watoto wa shule walipewa vipigio vya nzi, wakafagia mitaro na kuwinda panya. Walifundishwa kunywa maji yaliyochemshwa, mazoea ambayo Wachina wengi wanayashika hadi sasa. Chanjo zilienea na ndui ikatokomezwa. Haya ni mafanikio ya kweli, na watoto walikuwa na mkono wao humo.

Lakini kampeni ina hatari yake. Mwaka 1958 maadui wanne walitangazwa: panya, nzi, mbu na shomoro. Mwezi Aprili, kwa siku tatu, Beijing nzima ilitoka kupiga masufuria, ngoma na makopo ili shomoro wasitue popote mpaka waanguke kwa uchovu. Wanafunzi walipanda juu ya mapaa na miti. Wataalamu wa ndege walieleza kwamba shomoro hula pia wadudu waharibifu wa mazao, na mwaka 1960 shomoro akaondolewa kwenye orodha, kunguni akawekwa mahali pake. Kufikia hapo njaa kuu ilikuwa imeshaingia, na mamilioni ya watu walikufa. Mtoto aliyefundishwa kupiga sufuria hakufundishwa kuuliza shomoro anakula nini. Huo ndio upungufu wa kuifanya afya iwe gwaride.

Upande wa kichocho mambo yalikwenda vizuri zaidi. Ugonjwa huo ulikuwa umewashika zaidi ya watu milioni 10 katika bonde la mto Yangzi. Wanavijiji walichimba mitaro mipya na kuifukia ile ya zamani pamoja na konokono wake wanaoeneza ugonjwa, wagonjwa wakapimwa na kutibiwa, na shule zikafundisha watoto kwa nini wasioge mitoni. Wilaya ya Yujiang, mkoani Jiangxi, ilitangazwa kushinda kichocho mwaka 1958. Hapa pana uhusiano wa kweli na kwetu Afrika Mashariki. Timu za madaktari wa China zimekuwa zikija Zanzibar tangu mwaka 1964, nyingi zikitoka mkoa wa Jiangsu, na kuanzia mwaka 2017 wataalamu wa kichocho wa mkoa huo walifanya kazi Pemba pamoja na Wizara ya Afya ya Zanzibar na Shirika la Afya Duniani. Kichocho cha Pemba ni cha mkojo, cha Yangzi ni cha matumbo, na konokono wao si mmoja. Hata hivyo utaratibu ulikuwa ule ule: kupima, kutibu, kuua konokono, na kuingia madarasani kuzungumza na watoto wanaocheza kwenye mito na mabwawa.

Mwaka 1966 Mapinduzi ya Utamaduni yalifunga shule. Katika miaka hiyo ya misukosuko vijana wenye elimu ndogo walifunzwa kuwa madaktari pekupeku wa vijijini, jambo linalomkumbusha msomaji kisanduku cha Dingxian, ingawa jina la Chen halikutajwa. Shule zilipotulia, mkutano wa kitaifa uliofanyika Yangzhou mwaka 1979 ukafufua michezo na afya shuleni, na kuanzia mwaka 1985 serikali ikawa inapima miili ya wanafunzi nchi nzima kila baada ya miaka kadhaa.

Mwaka 1990 zilipitishwa kanuni za afya shuleni ambazo, ukizisoma leo, zinashangaza kwa ukarimu wake. Mtoto wa shule ya msingi asisome zaidi ya saa 6 kwa siku, wa sekondari asizidishe saa 8, na humo zimehesabiwa pia saa za kujisomea. Kwa kila wanafunzi 600 awepo mhudumu mmoja wa afya. Ni nani katika China ya mitihani mikali ameziona saa hizo zikiheshimiwa? Mzazi anayemtaka mwanawe ashinde mtihani wa kuingia chuo kikuu huanza kumlipia masomo ya ziada mapema, na mwalimu mkuu hupimwa kwa matokeo ya mtihani huo huo. Afya haina mtihani. Kwa hiyo kipindi chake ndicho cha kwanza kuchukuliwa hesabu zikihitaji muda.

Kilichofichwa zaidi ni habari za balehe. Waziri Mkuu Zhou Enlai alikuwa amesisitiza tangu mwaka 1963 kwamba wavulana na wasichana wafundishwe mabadiliko ya miili yao mapema. Ilichukua robo karne mpaka, mwaka 1988, serikali ilipozitaka shule za sekondari zifundishe elimu ya balehe. Sura ya uzazi ikawemo katika kitabu cha baiolojia. Wachina wengi waliosoma miaka hiyo wanasimulia jambo moja: mwalimu alipoifikia sura hiyo aliwaambia wakaisome nyumbani, akafungua sura inayofuata.

Mwaka 2003 ugonjwa wa mapafu wa SARS ulizifunga shule za Beijing na watoto wakasomea mbele ya televisheni. Mwezi Desemba mwaka huo Waziri Mkuu Wen Jiabao alishikana mikono hadharani na mgonjwa wa UKIMWI, na elimu ya ugonjwa huo ikapata msukumo mashuleni. Desemba 2008 Wizara ya Elimu ikatoa mwongozo wenye maeneo matano: mwenendo wa maisha, kinga ya maradhi, afya ya akili, ukuaji na balehe, na usalama wakati wa dharura. Kila muhula uwe na vipindi 6 hadi 7. Njia yake kuu iwe somo la michezo na afya.

Mwaka 2013 kashfa ya mwalimu mkuu mmoja wa Hainan aliyewapeleka wasichana wa shule hotelini iliitikisa nchi, na waandishi wa habari wanawake wakaanzisha mpango wa kuwafundisha watoto kujilinda. Mwaka 2017 vitabu vya elimu ya jinsia vilivyotayarishwa na timu ya Profesa Liu Wenli wa Chuo Kikuu cha Ualimu cha Beijing vilizua mjadala. Mama mmoja wa Hangzhou alilalamika mtandaoni kwamba michoro yake imezidi, na shule ya mwanawe ikavikusanya vitabu. Lakini wazazi wengi walijitokeza kuvitetea, wakisema mtoto asiyejua jina la kiungo chake hawezi kueleza alichotendewa. Nakubaliana nao kabisa. Oktoba 2020 sheria ya kuwalinda watoto ilirekebishwa, na kwa mara ya kwanza ikazitaka shule na chekechea zitoe elimu ya jinsia inayolingana na umri.

Nayo macho? Madaktari wa Guangzhou walifanya jaribio katika shule 12 za msingi, matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Nusu ya shule ziliwaongezea watoto wa darasa la kwanza dakika 40 za kukaa nje kila siku. Baada ya miaka mitatu, asilimia 30.4 ya waliotoka nje walikuwa wameanza kutoona mbali, dhidi ya asilimia 39.5 ya waliobaki na ratiba ya kawaida. Mwanga wa mchana ulileta nafuu iliyopimika. Kufikia mwaka 2022 kiwango cha kitaifa cha kutoona mbali kilikuwa kimeshuka hadi asilimia 51.9, hatua ndogo lakini ya kwenda mbele.

Mwaka huo wa 2022 mtaala mpya ulilipa somo la michezo na afya asilimia 10 hadi 11 ya vipindi vyote vya elimu ya lazima, zaidi ya lugha za kigeni. Hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo mwenye kipindi bado ni mwalimu wa michezo, aliyesomea riadha na mpira wa kikapu, naye ndiye anayetarajiwa kuzungumza na msichana wa miaka 11 juu ya hedhi, na pia na mvulana wa miaka 14 juu ya huzuni isiyomwachia usingizi. China imefanikiwa kupeleka kipaza sauti katika kila darasa. Sasa ipeleke mwalimu aliyesomea elimu ya afya, mwenye cheti chake na mshahara wake, na iwape watoto wake nafasi ya kumuuliza maswali bila kusubiri tauni nyingine.